Waliobinya Breki ya Radfan

Siku ya nne baada ya kumzika kaka yake, Ghamdan aligundua kwamba gurudumu la mbele la pikipiki haliingii.

Lilikuwa limeegemezwa ukutani tangu marehemu Radfan alipolifungua kuziba pancha, kabla homa haijamlaza na kummaliza kwa siku tatu. Gurudumu halikuwa na kosa. Kilichogoma ni diski: ilitakiwa kupita katikati ya pedi mbili za breki, nazo pedi zilikuwa zimebanana kama meno ya mgonjwa anayekataa dawa.

Mama yao, Takiyya, alikaa kizingitini, baibui mwilini, miguu iliyovimba imo ndani ya makubadhi ya marehemu kwa sababu yake hayakumtosha tena. Zamu yake kwenye mashine ya kusafisha damu, chini mjini Taiz, ilikuwa saa tano. Ya Jumamosi aliikosa kwa msiba. Daktari alisema kwa simu kwamba ya leo asiikose kabisa. Ilikuwa saa tatu na nusu.

"Nani kaibinya hii breki?" Ghamdan aliuliza, bila hasira. Hasira angeitafuta siku nyingine.

"Nani hajaibinya?" alijibu mama.

Watu wa Jabal Sabir wana adabu. Mwanamume wa mlima ule haipiti pikipiki bila kuibinya breki, kama asivyompita mtu bila salamu. Njia zote ni mteremko, na breki huulizwa hali kabla ya mwenyewe. Kwa siku tatu, kila aliyekuja kutoa pole alisimama uani, akaubinya mkono wa breki mara mbili, akasema, "Mungu amrehemu, aliitunza," kisha akaingia ndani kutafuna mirungi. Kwamba pikipiki haikuwa na gurudumu, hakuna aliyeona linamhusu. Kila mbinyo ulizisukuma nje kidogo pistoni zinazobana pedi, na bila diski katikati hazikurudi. Wazee wa heshima walibinya mara tatu.

Jirani yao, Kaid, aliingia uani na mkono wake ukaenda wenyewe kwenye breki.

"Ami, usiiguse."

"Naisalimia tu."

"Ushaisalimia. Nusu ya huu ubishi ni salamu zako."

"Radfan alikuwa na heshima, wewe."

"Radfan kafa, mie ndiye niliyebaki na bisibisi. Shika hapa."

Kaid alishika. Ghamdan alifungua kikopo cha mafuta ya breki, akaifunga bisibisi kitambaa, akazitenganisha pedi polepole mpaka pistoni zikarudi ndani. Mafuta yalipanda, mengine yakamchirizikia vidoleni. Aliyaona, hakuyafuta mara moja. Gurudumu likaingia, ekseli ikafuata, akakaza nati.

Alipobinya, mkono wa breki ulienda hadi mwisho bila kukutana na chochote.

"Umeiua," Kaid alisema, kisha akatazama chini.

"Haijafa. Pistoni ziko mbali na diski, lazima ziitwe." Ghamdan alisogea pembeni. "Binya sasa, ami."

"Si umenikataza?"

"Sasa nakuomba."

Kaid alibinya kwa utulivu wa mtu aliyerudishiwa cheo. Kwenye mbinyo wa kumi na moja mkono ulikuwa mgumu. Lakini gurudumu lilizunguka kwa kukwaruza. Ghamdan alitafakari. Alikuwa amekaza nati kabla uma wa mbele unaoshika gurudumu haujakaa sawa. Akailegeza, akaidundisha pikipiki mara kadhaa, Kaid akishikilia breki, akakaza upya. Gurudumu likazunguka kimya.

"Twende, mama."

"Umeijaribu?"

"Nitaijaribu hapo kwenye kona ya msikiti. Ikikataa, tutaingia kuswali."

"Mjinga," mama alisema, akapanda.

Haikukataa. Kona zote zilipita, mikono ya mama kiunoni mwake, mizito, na Ghamdan akingoja kuhisi hofu au faraja. Alihisi upepo.

Walifika saa tano na dakika sita. Muuguzi alitazama mlango nyuma yao.

"Radfan yuko wapi?"

"Tumemzika Ijumaa," Ghamdan alisema, kama anayetaja namba ya chumba.

Muuguzi alimlaza mama, akaunganisha mirija. Damu ikaanza kwenda na kurudi. Ghamdan alivuta kiti.

"Na Jumamosi?" mama aliuliza, macho kayafumba.

Hakuwa ameiwaza Jumamosi.

"Nitakuleta," alisema.