Mistari Tisa Baada ya Jina

Jumanne saa tatu asubuhi Wenceslao Batz alishuka kwenye chumba cha chini cha hifadhi ya nyaraka, akatundika koti lake, akawasha kompyuta. Kazi yake ilikuwa kutafuta. Hakushika kipanya wala kubonyeza picha. Aliandika amri kwenye skrini nyeusi: tafuta jina hili, ndani ya mafaili haya yote. Mafaili yalikuwa laki mbili na ushee, ya polisi wa zamani, yamenakiliwa neno kwa neno. Ukiyafungua yenyewe ulikuta kurasa nyeupe. Maneno yalitoka kwa kuitwa tu: ulitaja jina, ukapewa mstari wenye jina hilo, na mwingine haukuongezwa mpaka uombe.

Wa kwanza siku hiyo alikuwa doña Odilia Tzoc, muuza uji wa mahindi sokoni, mwenye miaka sabini na mmoja. Mdogo wake Eliseo, mwoka mikate, alichukuliwa mwaka 1981 na hakurudi. Mwendesha mashtaka alikuwa amempa doña Odilia mpaka Ijumaa saa sita mchana alete jina la ofisa aliyetoa amri, la sivyo kesi inafungwa. Kwa miaka arobaini na minne walimwambia awe na subira. Sasa wao ndio waliokuwa na haraka.

Wenceslao aliandika jina, akabonyeza. Mstari ukatoka: saa kumi na dakika kumi jioni, Eliseo Tzoc anatoka kazini. Eliseo naye akatoka, nyuma ya kabati la tatu, ana miaka ishirini na mitatu na unga mpaka viwikoni. Wenceslao akampa kadi ya mgeni, akamwonyesha benchi. Wiki iliyopita walikuwa wametoka walimu wawili na mshona viatu.

"Umezeeka, dada," Eliseo alisema.

"Na wewe umechelewa," doña Odilia akamjibu, na akalia bila kujificha.

Wenceslao aliwaacha kidogo, kisha akaeleza yaliyobaki. Kompyuta ilikubali kuhesabu mistari ya faili hilo, ila si kuionyesha. Sahihi ya ofisa ilikuwa chini kabisa, mstari wa tisa baada ya ule wa Eliseo. Kumtafuta ofisa mwenyewe haikuwezekana, maana huwezi kumwita mtu ambaye jina lake huna.

"Nikiongeza tisa kwenye amri, jina litatoka," alisema. "Lakini mdogo wako atakuwa vile alivyo kwenye mstari wa tisa. Na aliyesogezwa mbele harudi nyuma, doña Odilia. Tumeshajaribu kwa wengine."

Doña Odilia akamchukua Eliseo nyumbani. Jumatano Eliseo aliamka mapema, akakanda unga, na majirani wakaja kununua mikate. Walimsifu kwa mkono wake mwepesi na kulalamika kwamba mikate yenyewe ni midogo. Binti yake doña Odilia, Brígida, alimwambia mama yake amshukuru Mungu na aiache serikali na karatasi zake. Wengine walirudishiwa mifupa ndani ya sanduku. Yeye kaletewa mtu mzima, anakula na kupiga miluzi. Anataka nini tena?

"Nataka kumjua," mama yake alisema. "Miaka yote hii namimina uji kwa kila anayekuja. Yumkini na yeye nimemmiminia. Yumkini aliniambia asante."

Mtaka cha mvunguni sharti ainame, lakini hapa aliyetakiwa kuinama alikuwa mwingine, na doña Odilia alilijua hilo vizuri. Alhamisi alimweleza Eliseo yote. Eliseo aliendelea kukanda.

"Itauma?"

"Itauma."

"Basi ilishauma, dada. Mimi tu ndiye sijafika."

Ijumaa saa tano na dakika tano Wenceslao aliandika jina, akaongeza tisa. Kidole kikabaki hewani juu ya kitufe mpaka doña Odilia aliposema bonyeza. Mistari ikatoka mmoja mmoja. Kwenye wa tatu Eliseo alijishika mdomo. Kwenye wa tano alikuwa hana shati. Ulipofika wa nane alikuwa ameegemea ukuta, jicho moja limefumba, na dada yake amemshika asianguke.

Wa tisa ulisema: ameagiza Kapteni Abelardo Quiroa. Kapteni akatokea nyuma ya kabati lilelile, kijana wa miaka ishirini na minane, buti zinang'aa, ananukia manukato. Alikataa benchi, akaomba kiti. Doña Odilia alimtazama uso mzima, kidevu na yale masikio madogo, akamtambua. Alikuwa akinywa uji kwake kila Jumapili baada ya misa, bila sukari.

Walivuka barabara wote wanne, wakafika kwa mwendesha mashtaka saa sita kasorobo. Kapteni aliulizwa kama sahihi ni yake, akasema ndiyo, tena kwa majivuno. Mwendesha mashtaka akatikisa kichwa. Kanali Quiroa anayemjua yeye ana miaka sabini na miwili na anatembelea fimbo. Kijana huyu angeweza kuwa mjukuu wake. Kapteni akauliza nyumba ya kanali iko wapi, akapewa gari la ofisi limpeleke.

"Na mdogo wangu?" doña Odilia aliuliza.

"Kesi ilikuwa ya mtu aliyetoweka, mama. Huyu hapa ameketi."

Karani alileta fomu ya kukabidhiana. Ilisema kwamba aliyetia sahihi amempokea ndugu yake akiwa katika hali nzuri. Doña Odilia aliomba maneno hayo ya mwisho yafutwe. Karani alimjibu kwa upole kwamba fomu huja zimechapwa hivyo, na pasipo sahihi ingebidi Eliseo abaki stoo, pamoja na vitu visivyo na wenyewe. Zilikuwa zimebaki dakika mbili kufika saa sita. Eliseo alikuwa akipumua kwa mdomo.

Doña Odilia akaomba kalamu. Alitia sahihi herufi kwa herufi, na chini yake akaandika majina yake yote mawili ya ukoo, la baba na la mama, ili kesho asije mtu akasema aliyempokea ni mwingine.