Mtego Kwenye Njia ya Zamani

Huyu mwanaume angeweza kumnyima hata hewa, angemnyima! Fundi wa seva alikuwa amekaa mbele ya mkurugenzi wa bohari ya dawa, na pembeni yake mkuu wa kitengo, yaani mtalaka wake, anajipepea kwa faili kana kwamba hayamhusu.

"Oda za hospitali zote zimefutwa kwa akaunti yako," mkurugenzi alisema. "Nipe sababu moja ya kutokukufukuza leo."

"Nenosiri langu limeibwa. Kila siku namlilia bosi wangu huyu tuache kuingia kwenye seva kwa telneti, tutumie SSH. Telneti inapitisha kila kitu wazi kwenye waya, anayenyemelea anasoma mpaka nenosiri. SSH inafumba yote. Anakataa katakata."

"Visingizio hivyo!" mtalaka alidakia. "Tangu nimpe talaka hanipumzishi. Mfukuze tu, bosi, tufanye kazi."

Ungekuwa wewe ungemmwagia chai, wallahi. Fundi yeye akaendelea.

"Jana nilifungua akaunti mpya, sikumwambia mtu. Nikaingia mara moja tu, kwa telneti. Nenosiri sikuliandika popote pengine. Leo asubuhi kuna mtu kaingia nalo." Akaigeuza kompyuta. "Soma mwenyewe ametokea kompyuta ya nani."

Mkurugenzi alisoma, kisha akamkazia macho mkuu wa kitengo. Faili likaacha kupepea.

"Nilikisia," yule alisema. "Namba nane tu, nani asingekisia?"

"Namba gani?" mkurugenzi aliuliza.

Akazitaja zote bila kukwama, kama mtu anayetaja namba ya simu ya duka.

Loo! Fundi alikuwa amejiandaa kwa matusi na kwa kukanwa mchana kweupe. Kwa hili hakuwa amejiandaa.

"Ni tarehe uliyonioa," alisema. "Niliiweka makusudi. Nilijua ukiiona utaona haya, utaacha. Kumbe hata hukuijua!"

Mkurugenzi aliinamisha macho mezani.

"Naomba ruhusa nizime telneti," fundi alisema.

"Izime."

Akaizima palepale, mbele ya wote wawili. Halafu akaifuta na ile akaunti, pamoja na tarehe yake.