Profesa wa Kabatini

Mzazi mwenzangu, kabla hujamfunga mtoto mdomo, sikia yaliyompata fundi cherehani mmoja.

Alikuwa na binti mmoja tu, mwenye miwani minene kama kitako cha chupa. Mtaa mzima ulimwita Profesa. Hakuwa mtoto wa kuzurura. Ugonjwa wake ulikuwa mmoja, kurap. Tena harap mapenzi wala magari. Anarap mzunguko wa damu, anarap namba zisizogawanyika, na mashabiki wake ni wanafunzi wenzake wawili, nao wana miwani.

Studio yake ilikuwa kabati ambamo mama alitundika nguo za wateja zilizokwisha kushonwa. Profesa alijifungia humo na simu, katikati ya makoti, maana makoti humeza mwangwi. Mama akiwa kwenye cherehani aliisikia sauti ikitoka kabatini, mbio mbio:

"Naingia kulia nimechoka, hewa imeniishia,
napelekwa mapafuni, narudi kushoto nimejazwa!"

Mama aliishia darasa la saba. Alichojua kuhusu rap ni suruali zilizoshuka matakoni na vijana wa kona. Roho ilikuwa juu juu kila siku.

Siku moja akaja mteja, mama mwenye heshima zake, kuchukua koti. Fundi akafungua kabati. Profesa akachomoza, jasho linamtiririka, uso kaukunja.

"Mama! Umeniharibia! Narudia mara ya kumi na nne, na nilibakiza mstari mmoja!"

"Shoga," mteja akasema, "kumbe siku hizi unatundika na watoto?" Akacheka mpaka akashika mbavu.

Aibu ikampanda fundi kichwani. "Wewe! Uhuni huo nisiusikie tena chini ya paa hili. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, mama."

Watoto wa namna hii, mwenzangu, ukiwapa sharti hulifuata kama kanuni ya hesabu. Profesa hakununa wala hakubisha. Alinyamaza tu. Akiosha vyombo kimya, akipiga pasi kimya, miaka miwili, hadi alipopata chuo cha mbali akaondoka na begi lake.

Nyumba ikapwaya. Kila Jumapili simu ilikuwa ile ile.

"Umekula?"

"Nimekula, mama."

"Masomo?"

"Yanaenda."

Basi. Fundi akikata simu alifungua kabati bila haja yoyote, akasimama pale akiyatazama makoti ya watu.

Jumapili moja akajikaza. "Mwanangu, niimbie ile ya damu."

"Ile nilishaifuta, mama. Hata maneno siyakumbuki."

"Yote?"

"Nilikuwa mdogo. Siku hizi tuko kundi zima, tunatumbuiza ukumbi wa maabara. Nitakutumia moja."

Akatuma kweli. Sauti ilikuwa ya binti yake, ila imekomaa, ina kujiamini ambako hakukutoka nyumbani. Katikati ya wimbo akasema jambo kuhusu mtu aliyeleta jibu tupu, na ukumbi mzima ukapiga kelele, "Onyesha njia!" Vicheko vikalipuka. Fundi akarudia mara sita. Watu wasiomjua hata alivyoota meno walikuwa wakicheka naye, na yeye aliyemzaa hajui kinachochekesha.

Kesho yake asubuhi akaja mwalimu wa hesabu kupunguziwa sketi. Fundi akamwekea ule wimbo, pini zikiwa bado mdomoni. Mwalimu akaangua kicheko.

"Dada, kwenye mtihani ukiandika jibu bila hatua zake, hupati alama zote. Tunawaambia, onyesha njia! Huyu binti anamsema mwenzake kwamba kanakili. Kamchoma kweli kweli!"

Fundi akacheka peke yake, kachelewa, macho yamelowa. Mwalimu hajafika barabarani, tayari fundi kampigia binti yake.

"Nimeelewa ya onyesha njia! Sasa huo mstari unaofuata?"

Profesa akacheka. Kicheko hicho mama hakuwa amekisikia tangu kabla ya siku ya kabati. "Mama jamani, huo lazima nikuchoree."

"Nichoree basi."

"Naingia kipindi, mama. Jumapili, sawa?"

"Sawa, mwanangu. Jumapili."

Akaiweka simu kando ya cherehani. Siku ile ndiyo kwanza ilikuwa Jumatatu.