Nani Ashike Mkanda

Mke wangu alipona mgongo, mimi nikaanza kuumwa roho.

Msinielewe vibaya. Nilikuwa wa kwanza kuomba apone. Alishona nguo za watu maisha yake yote, amejikunja juu ya cherehani, mpaka mwenyewe akachukua umbo la cherehani. Ikafika mahali akiangusha sindano, anaiaga. Basi mimi ndiye niliyekuwa mgongo wake. Nilimfunga viatu, nilimwinulia ndoo, na kila jioni nilimchua kwa ile dawa ya kijani iliyonuka hadi paka wa jirani wakahama mtaa. "Baba, mgongo," anasema tu, nami nakuja na chupa. Katika nyumba yetu hapakuwa na cheo kikubwa kuliko hicho.

Kisha daktari akampeleka kwenye mazoezi.

Ukumbi uko ghorofani, juu ya duka la rangi. Mwalimu ni mama mmoja mwembamba kama ufito, aliyeichukua yoga akaipangia utaratibu wake: kwanza kuunyoosha uti wa mgongo, halafu kuupa nguvu, mwisho kuufundisha kujikunja bila kulalamika. Wanatumia ukuta, viti na mikanda ya turubai. Nikadhani atachoka upesi. Miezi ikapita, na asubuhi moja mke wangu akainama mbele yangu akafunga viatu vyake mwenyewe. Akarefuka pia. Nilimwoa akinifika begani. Haki ya nani, sasa tunagongana mapaji ya uso mlangoni. Chupa ya dawa ikashika vumbi.

Hayo ningeyameza. Kilichonikaba ni Posta.

Posta ni mgane, mstaafu aliyekuwa akigawa barua kwa miguu. Pale ukumbini watu hufanya mazoezi wawiliwawili, na mwenzake mke wangu alikuwa yeye. Mezani nikawa nalishwa Posta: Posta ana mkono mwepesi, Posta anajua kusubiri, Posta leo kanivuta mpaka nikasikia pingili zinaamkiana. Nikamuuliza kwa upole, anakuvuta nini? Mkanda, akasema, akajimiminia mchuzi kama mtu aliyekwisha kujibu.

Kesho yake nikapanda ngazi kwenda kujionea. Mke wangu ameinama, viganja ukutani, mkanda umemzunguka nyonga, na nyuma yake mwanamume mzima ameshika ncha zote mbili, ameegemea nyuma kama anayemzuia asitoroke. "Toa pumzi, dada," anasema, kwa sauti ya mtu anayembembeleza mtoto alale. Dada! Ukoo wa mke wangu naujua mpaka waliokufa, na yule hayumo.

Nikamwendea mwalimu nikamwambia nami ni mgonjwa. Sikudanganya. Nimeendesha malori mpaka nimestaafu, na mgongo wangu ulikuwa mgumu kiasi kwamba nikitaka kutazama nyuma nageuka mzima mzima, kama trela. Lakini nilichofuata pale ni kimoja: niushike mimi ule mkanda. Mwalimu akanipima kwa macho toka utosini hadi visiginoni, akaniambia kwake watu hupangwa kwa uzito, si kwa ndoa. Akaita, "Posta, njoo. Mwenzako mpya huyu hapa." Mke wangu akapewa mama mwenye duka la rangi.

Zoezi la kwanza lilikuwa la mgongo kwa mgongo. Mnasimama mmepeana visogo, mnapitishiana viwiko, mmoja anainama na mwenzake analala chali juu yake. Posta akajiandaa kuinama. Mimi nikaamua kuwa mzito. Nikawaza saruji, nikawaza injini ya lori, nikawaza mama mkwe wangu, Mungu amrehemu. Yule mzee akaninyanyua kama bahasha tupu. Miguu ikaacha sakafu, na uti wangu ukalia mfululizo tangu kiunoni hadi shingoni, mpaka kijana wa duka la rangi akapanda mbio kuuliza rafu gani imeanguka. Nami nikatoa mguno wa raha ambao sijawahi kuutoa mbele ya watu. Mke wangu akacheka mpaka akakaa chini.

"Shemeji," Posta akasema kule chini yangu, "kumbe ulikuwa umefungwa kwa kamba na lakiri, kama kifurushi."

Zamu yangu ikafika. Sasa yeye yuko juu, miguu inaelea, na maisha yake yamo katika viwiko vyangu. Wivu ukaninong'oneza: legeza tu. Nikalegeza kidogo. Akahisi.

"Ukiniangusha nitakuelewa," akasema taratibu, mke wangu asisikie. "Lakini mwenye haki ya kuona wivu hapa ni mimi. Kila nikimvuta dada, ananihadithia wewe. Mume wangu hunichua hivi, mume wangu alinifunga viatu vile. Nikifika kwangu nina redio tu, nayo haijawahi kuniulizia mgongo."

Nikabana viwiko. Nikamteremsha polepole, kama mtu anayeshusha vioo vya dirisha kutoka kwenye lori.

Njia nzima ya kurudi nyumbani nilikuwa mtu wa amani. Mke wangu hakuwa. Yule mama wa rangi, akasema, anavuta kama anayekokota kabati, na kwani nani alinituma nije kumchukulia mtu wake? Nikamwambia mtu wake ni mimi. Tulipoingia ndani akafungua begi, akatoa mkanda wa turubai, akanitupia. Kisha akaenda jikoni, akaweka viganja ukutani, akainama.

Nikamzungushia mkanda nyongani, nikashika ncha zote mbili, nikaegemea nyuma. Mkanda ulikuwa wangu.

"Siyo hivyo," akasema. "Posta hungoja nitoe pumzi kwanza."

Wivu ule ule ukaniwaka tena. Jibu nilikuwa nalo, tena kali, limeshafika kwenye meno. Lakini mgongo wake ulikuwa mbele yangu, umelala sawa kama meza, unanisubiri mimi. Nikalimeza jibu, nikangoja pumzi.