Ukurasa Ulioachwa Wazi

Mimi kazi yangu ni kusimika seva za ofisi za watu, na seva mpya siiamini hata chembe. Inakuja na maneno matamu: karibu, kila kitu kiko sawa. Wee, mimi si wa kudanganywa hivyo. Naipekua kona kwa kona kabla sijaipa mgongo. Hii ilikuwa ya maabara moja, mteja wetu mpya ambaye hata nyumbani sikuwa nimemtaja. Ndiyo inayowapa watu majibu ya vipimo kwenye simu zao, na asubuhi hiyo ilikuwa imeanza kazi.

Nenosiri la msimamizi lilikuwa lile lile la kiwandani, linalojulikana dunia nzima. Nikalibadilisha huku nasonya. Kisha nikakutana na ukurasa wa hali, ule unaoonyesha nani anaomba nini kwenye seva saa hiyo hiyo. Nikaujaribu kwa simu yangu, bila nenosiri lolote, ukafunguka. Na walioandika ile programu, sijui walikuwa wanawaza nini, wameweka jina la mtu na kipimo chake kwenye anwani yenyewe ya mtandao. Watu wanapita pale peupe: huyu sukari, yule mimba, mwingine figo. Nikamwita bosi, akaangalia, akashika kichwa. Akaniambia niufunge sasa hivi.

Mkono uko kwenye kipanya, mstari mpya ukaingia. Majina ya mume wangu, yote matatu. Jina la binti yetu. Kipimo: vinasaba, kuthibitisha baba.

Mara ya kwanza nikadhani macho yananicheza. Ya pili, nikausoma neno kwa neno. Miaka sita tunamlea mtoto yule, anayefanana na baba yake mpaka anavyonuna, kumbe mwenzangu ana lake moyoni. Alimpeleka lini? Jumamosi ile waliyosema wanakwenda kununua viatu? Bosi akauliza kuna nini, nikasema hakuna. Nikaufunga ukurasa, nikaujaribu tena kwa simu, ukagoma. Majibu aliyokuwa anayafungua sikuyatafuta. Nayajua tangu siku niliyoshika mimba.

Hasira zilinipanda. Nilipanga maneno ya kumtolea jioni, mengine hayafai kuandikwa. Hazikupita dakika tano simu ikaita, naye ndiye. Mtu ambaye hunipigia kuuliza funguo ziko wapi, basi, leo anacheka kabla sijaitika. Akasema nisihangaike na jiko, anatutoa mimi na mtoto, tukale nje, tuchague wenyewe pa kwenda.

"Kwani leo kuna nini?" nikamuuliza.

"Hakuna kitu, mke wangu. Nimeamka na raha tu."

Nikasema sawa, tutajiandaa. Yale maneno yote niliyoyapanga yakanikauka mdomoni. Furaha ile sijawahi kuisikia kwenye sauti yake, hata siku binti yetu alipozaliwa.