Kula Mbele ya Mwenye Njaa

Sinia ilirudi jinsi ilivyokuja. Supu ya matunda, nyekundu na nzito kama uji, ilikuwa imeota ngozi juu. Mkate mweusi ulikuwa umekauka ncha. Hata kijiko hakikuguswa. Muuguzi Outi aliitazama, akamtazama Bi Saimi, akaguna.

"Leo tena, mama?"

"Nimeshiba," akasema Bi Saimi, mwanamke ambaye hakuwa ametia kitu tumboni tangu apasuliwe.

Mimi nilikuwa kitanda cha pili, upande wa dirisha, nikiimezea mate ile ngozi ya supu. Ningeweza kulila bakuli lenyewe.

Ilikuwa Machi, barafu ya ziwa bado inabeba magari, na sisi wawili tulikuwa tumeshonwa matumbo kama magunia. Mimi nilitolewa kizazi kwa sababu ya uvimbe ulioninyonya damu miaka mingi. Bi Saimi, mfugaji wa ng'ombe kutoka kijiji cha Tuusniemi, mwenye umri wa kunizaa, alitolewa uvimbe kwenye ovari, nao ulikuwa wa ile aina ambayo madaktari huitaja kwa sauti ya chini. Kabla ya kupasuliwa, Daktari Hartikainen alituomba tuingie katika utafiti wake. Alitaka kujua mgonjwa wa upasuaji kama wetu aanze kula lini: mara tu akizinduka na kutaka chakula, au asubiri mpaka ajambe, ishara kwamba utumbo umeamka, kama walivyosubiri bibi zetu. Bahasha iliyofungwa, ya kura, ndiyo ingeamua. Ya Bi Saimi ilisema ale. Yangu ilisema nisubiri.

Sikulalamika. Kusubiri nilikuamini kuliko daktari mwenyewe. Mama yangu aliponizaa kwa upasuaji alilowanishwa midomo kwa pamba tu, na maisha yake yote alisimulia habari za mwanamke wa kitanda cha jirani aliyeletewa mkate wa siri na dada yake. Tumbo likamvimba, nyuzi zikaachia, akazikwa kabla ya juma kwisha. Kama ni kweli sijui. Lakini hadithi uliyoinyonya pamoja na maziwa haikutoki kwa kusomewa makaratasi. Nilikuwa na njaa, na hofu yangu ilikuwa kubwa kuliko njaa.

Siku hizi mgonjwa huletewa chakula jioni ile ile, bila bahasha wala swali. Mkwe wangu alipopasuliwa mwaka juzi, lalamiko lake pekee lilikuwa kwamba kahawa imepoa. Nilicheka, kisha nikatoka nje nikalia kidogo, naye mpaka leo hajui kwa nini.

Wakati wetu swali lilikuwepo, na Outi aliliuliza kila asubuhi kana kwamba anauliza kama kuna theluji nje: "Umejamba, Sirkka?" Nami nikajibu bado, nikiona haya hadi masikioni. Kwetu mkoani Savo watu hutaniana juu ya jambo lolote chini ya jua, isipokuwa lile lililowatoka wenyewe.

Asubuhi ile daktari alimbonyeza Bi Saimi tumbo, akasikiliza, akatikisa kichwa. Mlangoni akamwambia Outi, akidhani hatumsikii: "Kama hatakula mchana, alasiri nampeleka apigwe picha ya tumbo. Nahofia utumbo umeziba. Ikibidi tutamfungua tena."

"Hatahimili, daktari."

"Najua."

Mlango ukafungwa. Bi Saimi alikuwa ameelekea ukutani. Harufu ya kahawa ilipita koridoni, nikamsikia akimeza mate. Mwenye utumbo ulioziba hamezi mate hivyo.

"Bi Saimi, una njaa?"

"Njaa? Binti, hilo pazia lenyewe nimeshalipigia hesabu nitalilaje."

"Sasa mbona huli?"

Akapapasa shuka.

"Nami nikitafuna, wewe utakuwa unatazama wapi?"

Sikuelewa mara moja. Nilipoelewa, nilipatwa na hasira. Nikamwambia nitageukia dirishani.

"Na masikio utayageuzia wapi?" akasema. "Wakati wa vita tulijaa mezani kwetu, na mama hakuinua kijiko mpaka kila sahani iwe na kitu. Kula mbele ya mwenye njaa, alisema, ni kumpiga kofi. Mimi sijampiga mtu kofi tangu nizaliwe, nitaanza na wewe uliyeshonwa?"

"Watakufungua tena, mama! Nimewasikia."

"Basi waje na kisu chenye makali, maana kile cha kwanza..." Hakumaliza. Alikuwa anaogopa, na mzaha haukutosha kuifunika hofu yake. Kisha akasema polepole, "Siwezi, mwanangu. Najaribu. Kijiko kinafika mdomoni, nakusikia unavyopumua, basi mkono unarudi."

Katika maisha yangu hakuna aliyewahi kushinda na njaa kwa ajili yangu. Mume wangu Reijo, jana yake, alikuja kunijulia hali, akaketi kando ya kitanda, akala soseji mpaka mwisho, na bado nampenda. Lakini huyu mama nisiyejua hata jina la ukoo wake! Nilimpenda pale pale, ghafla, kama mtu anavyompenda wa damu yake, na nikaona kwamba adabu itamuua.

Nikabonyeza kengele. Outi akaja.

"Nimejamba," nikasema.

"Lini?"

"Sasa hivi."

Bi Saimi akainua kichwa. "Mimi sikusikia kitu."

"Ilikuwa ya kimya kimya."

"Za kimya kimya hujitangaza kwa njia nyingine," akasema Bi Saimi, akinusa hewa.

Outi alinitazama, akamtazama yeye, akanitazama tena. Akaiandika, pamoja na saa. Namba hiyo imo katika ule utafiti mpaka leo, na haijawahi kuninyima usingizi. "Nitaleta sinia mbili," akasema.

Zilipofika, nilichukua kijiko, nikakirudisha. Nilimfikiria yule mwanamke wa hadithi ya mama yangu. Bi Saimi alikuwa amekiinua kijiko chake, amekishika hewani, ananingoja. Alikuwa anajua kwamba nimedanganya, ilikuwa wazi usoni mwake.

"Unajua unachokifanya, mwanangu?"

"Sijui."

"Haya. Twende polepole, basi."

Tukaanza pamoja. Supu ilikuwa baridi, chachu, kisha tamu, na nililifuata kila tone likishuka, nikisikiliza tumbo langu kama mtu anayesikiliza hatua ukumbini. Niliweza nusu bakuli. Mkate sikuthubutu kuugusa. Yeye alikula supu yote, akafuta bakuli kwa mkate wake, akakusanya chembe kwenye shuka kwa kidole.

Alasiri daktari aliingia na kitanda cha magurudumu cha kumpeleka kupigwa picha. Akaliona bakuli tupu. Akakaa kitini kwa uzito, na kwa mara ya kwanza nikaona kwamba naye alikuwa hajalala vizuri.

Ndipo nikajamba kweli. Kabla sijajizuia ikatoka, ndefu, ya wazi, ya kusikika mpaka koridoni. Hofu yote niliyoirithi kwa mama yangu ilinitoka nayo, nikatamani kucheka kwa furaha, na papo hapo nikatamani kitanda kinimeze. Daktari akainua kichwa.

"Samahani, daktari," akasema Bi Saimi. "Ni mimi. Uzee huu."

"Usiombe radhi, mama. Hiyo ndiyo habari njema ya leo." Akaandika, akaondoka na kitanda chake kitupu.

Bi Saimi alikuwa mwekundu mpaka shingoni. Akavuta shuka mpaka kidevuni. Kisha akanyoosha shingo kuelekea sinia yangu.

"Binti," akasema, "huo mkate wako, utaumaliza?"