Mbele ya Kizimba cha Bibi Harusi

Mama alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, vifungo vitatu vya gauni lake la kazi vikiwa wazi, nami nimeng'ang'ania titi lake. Upande wa pili wa wavu, sokwe jike alikuwa amechuchumaa akimtazama. Kando ya sokwe, juu ya sakafu ya saruji, kitoto cha siku moja kilikuwa kinalia kwa sauti iliyokwisha kukauka. Hivyo ndivyo nilivyoanza kazi, nikiwa na umri wa miezi mitatu.

Wakati huo mama alikuwa mfagiaji katika bustani ya wanyama ya mji wetu. Pale leo pana ofisi na maegesho ya magari, lakini akipita bado hunionyesha nani aliishi wapi. Palipo na lango, palikuwa kwa mbuni, mwizi wa vifungo. Kobe mkubwa alilifuata toroli la mama kutwa nzima, akifika kila mara toroli limeshaondoka, wala hakununa. Twiga alimwacha mwanawe asimame mbali kana kwamba hamjui, ila pakilia honi barabarani, shingo yake yote ilimgeukia. Na mamba, ambaye wageni walidhani ni gogo, mama alimwona akiwabeba watoto wake kinywani mpaka majini, taratibu kama mtu aliyebeba mayai. Alisimama na fagio lake mpaka safari ya mwisho. Hizo ndizo nyimbo nilizobembelezewa.

Yule sokwe walimwita Bibi Harusi kwa sababu alipenda kujifunika gunia kichwani akatulia, akichungulia. Aliletwa bustanini akiwa mchanga, akakuzwa kwa chupa, na katika maisha yake hakuwahi kumwona sokwe mwingine akinyonyesha. Basi alipojifungua, alimtazama mtoto kama mtu aliyeletewa mzigo wa jirani kwa makosa. Alimshika mguu, kichwa chini. Akamweka mgongoni, akateleza. Akamweka sakafuni, akaenda kukaa pembeni. Kitoto kilipolia alirudi mbio, akakiinua, akakigeuzageuza, na asijue cha kufanya akakirudisha chini.

Mlishaji wa sokwe, ambaye kila mtu alimwita Baba Ndizi, alimpa mwanasesere ili ajifunze kupakata. Bibi Harusi alimwogesha mwanasesere kwenye maji ya kunywa, akamfunika gunia, akamsahau.

"Nitangoja mpaka kesho jioni," daktari wa wanyama alisema. "Baada ya hapo namtoa, tumpe chupa."

"Akikuzwa kwa chupa naye atakuwa hivihivi, daktari," Baba Ndizi alisema.

"Akiwa hivihivi, walau atakuwa hai."

Shangazi yangu alikuwa akinileta bustanini mara mbili kwa siku ili ninyonye. Mchana huo Baba Ndizi aliwakuta nyuma ya stoo, akasimama akitazama paa.

"Dada, nina ombi. Ila kama utanitukana, bora ninyamaze."

"Sema kwanza," mama alimjibu. "Matusi yatafuata."

Alipokwisha kueleza, shangazi alikuja juu. "Nini? Mtoto wa kaka yangu akamfundishe sokwe?"

"Mwalimu ni mama yake, shangazi. Mtoto ni kifaa tu cha kufundishia."

Shangazi alimtupia jicho la kukausha mgomba. Lakini mama alikuwa ameshainuka.

Hakuna aliyejua kwa nini aliinuka upesi vile. Tangu nizaliwe, mama alikuwa akilisubiri jambo ambalo wanawake wenzake walimwambia lingekuja lenyewe, na lilikuwa halijaja. Alininyonyesha kwa saa zake, akanibadilisha nepi, akanifunika, kwa usahihi wa karani anayegonga mihuri. Watu wakinisifu, alitabasamu pale palipotakiwa kutabasamu. Usiku aliniangalia nikilala na kujiuliza kama kuna kitu wengine walizaliwa nacho yeye akarukwa. Asubuhi ile wageni walipokuwa wakimcheka Bibi Harusi, wakisema huyu naye ni mama gani, aliinamisha kichwa akaendelea kufagia mahali alipokwisha kufagia.

Siku ya kwanza haikuzaa kitu. Bibi Harusi alimtazama mama usoni, akavutiwa na vifungo vyake, akanyoosha kidole kuvigusa. Mtoto hakumshughulisha. Mama aliondoka amelowa jasho.

Kesho yake alikuja mapema, akaivuta ndoo karibu zaidi. Kilio cha kitoto kilikuwa kimepungua, na kupungua huko ndiko kulikomtisha daktari. Ndipo mama akaanza kusema.

"Tazama, Bibi. Kichwa kinakaa hapa, kwenye kiwiko. Si mguu, kichwa. Mkono wa pili unamshikia matako. Halafu unamsogeza. Usimlazimishe, atatafuta mwenyewe."

Ili sokwe aone vizuri, ilimbidi aniachishe na kuanza upya, mara tatu, mara nne, nami nikalalamika kila mara kwa haki kabisa. Na ili aonyeshe, ilimbidi atazame anachoonyesha. Ndipo, aliniambia, alipoona kwamba sikio langu la kulia limejikunja nchani kama jani linalochipua. Akaona pia kwamba kila aliponiachisha, macho yangu hayakufuata titi. Yalipanda, yakapita kidevu chake, yakamtafuta usoni.

"Anakutafuta wewe," alimwambia sokwe. "Unaona? Anakutafuta..."

Bibi Harusi alimtazama kwa muda mrefu. Kisha alinyoosha mkono, akamwokota mwanawe, kichwa chini kama kawaida.

"Mgeuze," mama alinong'ona.

Akamgeuza. Akamlaza kifuani, juu mno. Kitoto kikateleza kidogo kidogo, kikipapasa manyoya kwa mdomo, mpaka kikafika. Kiliposhika, Bibi Harusi alishtuka, midomo ikamtoka mbele, akamwangalia mama kama anayeuliza ikiwa ndivyo inavyokuwa.

"Ndiyo, inauma kidogo," mama alisema huku machozi yakimtiririka. "Vumilia. Itapoa."

Baba Ndizi aligeuka akaanza kutengeneza kufuli ambalo halikuwa bovu. Daktari alifungua daftari lake akaandika saa, akasahau kuandika kilichotokea. Na shangazi, aliyeapa kuwa hatakanyaga pale, alikuwa amesimama nyuma yao wote, mkono mdomoni.

Asubuhi hiyo vijia havikufagiliwa. Mama alikaa palepale akinishika, hata nilipokuwa nimeshiba na kulala.

Kitoto kile kilikuwa cha kike. Wafanyakazi walimwita Pacha, yaani pacha wangu, nasi tulikua tukitazamana kupitia wavu, kila mmoja akiona mwenzake anakua vibaya. Nilikuwa na miaka kumi na sita bustani ilipofungwa. Siku ya kuwapakia sokwe, waliokuwa wakihamishiwa kwenye hifadhi ya mbali, mama aligusisha kiganja kwenye wavu wa kreti, na Bibi Harusi akakigusa kwa mdomo. Lori lilipoondoka tulibaki mbele ya kizimba kitupu, na ndipo aliponieleza yote.

"Nilikuwa sijakupenda bado," alisema. "Sikukuchukia. Nilikungoja tu."

Umri ule nilikuwa tayari kukasirikia chochote. Lakini nilijikuta nauliza, "Ulingoja kwa muda gani?"

"Miezi mitatu na siku mbili." Akapangusa pua. "Yeye zilimtosha siku mbili. Sijamsamehe mpaka leo."

Tulicheka mpaka mlinzi akaja kuuliza kama tuna shida.

Miaka ikapita. Siku moja ilifika barua kutoka kwa mtunzaji wa kule hifadhini. Pacha alikuwa amezaa. Walipofika asubuhi walimkuta ameshampakata mwanawe, mtoto ananyonya, na Bibi Harusi mzee ameketi hatua chache kutoka pale, ametulia, haingilii. Hakuna mtu aliyehitajika.

Mama anajua kusoma vizuri kabisa, lakini alitaka nimsomee mara tatu. Kisha akasema tuijibu barua, mimi niandike, mkono wake siku hizi unatetemeka. Nikachukua kalamu. Alifikicha upindo wa kitenge chake.

"Andika kwamba huku sisi sote wazima," alisema mwishowe.

Nikaandika. Kisha nikaendelea kushika kalamu juu ya karatasi, maana nilimjua, alikuwa hajamaliza.